Ninavyochagua mafunzo ya kujiendeleza kama daktari wa meno

Pointi za kuhuisha leseni zinapatikana kila mahali. Kazi ni kupata mafunzo yatakayomfaa mgonjwa nikirudi kazini. Mimi naanzia kwenye rejista ya kliniki, matangazo ya semina nayatazama baadaye.

Kila baada ya miezi kadhaa nakaa na mafaili na kutafuta mambo mawili: wagonjwa niliowaandikia rufaa, na kazi zilizorudi, kama jino lililozibwa likaanza kuuma tena au fizi zilizosafishwa zikaendelea kutoa damu. Nilipoanza utaratibu huu, waliojitokeza zaidi ni watoto wadogo wenye magego ya utoto yaliyooza, wanaolia wakiona tu sindano. Wengi niliwapa rufaa wakatibiwe kwa dawa ya usingizi. Wakati huohuo mialiko niliyokuwa nayo ilihusu vipandikizi na kung'arisha meno. Ni fani nzuri, lakini mgonjwa wangu wa kila siku hakuwa huko. Nikatafuta mafunzo ya kutibu watoto bila kuchimba jino.

Niliyoyapata yalifundisha mbinu mbili. Ya kwanza ni silva daiamini floraidi ya asilimia 38, dawa ya majimaji inayopakwa kwenye uozo ili usiendelee. Sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na kubaki hivyo, kwa hiyo mzazi aonyeshwe picha na akubali kabla hujashika brashi. Ya pili ni mbinu ya Hall, yenye jina la Norna Hall, daktari wa meno wa Uskoti. Gego la utoto huvalishwa kofia ya chuma juu ya uozo wenyewe, bila ganzi wala kuchimba, na bakteria waliofungiwa ndani hukosa chakula.

Hapo ndipo nilipoona thamani ya kozi ya mikono. Tulipima kofia moja baada ya nyingine kwenye modeli, tukazijaza simenti ya glasi ayonoma inayoshikiza kofia kwenye jino, tukazikalisha. Mkufunzi alisimama begani kwangu akasema, "Daktari, ikishakaa sawa mpe mtoto pamba aing'ate, atamalizia mwenyewe." Akatueleza pia kwamba mwanzoni meno ya juu na ya chini hayatakutana vizuri, na kwamba hali hiyo hujirekebisha ndani ya wiki chache. Mzazi asipoambiwa hilo mapema, kesho yake atarudi na hofu. Mambo kama haya sijawahi kuyakuta kwenye slaidi.

Kabla ya kulipa ada yoyote nauliza nani anagharamia mafunzo. Mkufunzi akilipwa na kampuni inayouza vifaa anavyovifundishia, simkatai, ila nauliza zaidi: je, ataonyesha kesi zilizoshindikana? Wagonjwa wake wamefuatiliwa kwa muda gani? Picha iliyopigwa siku jino lilipozibwa haisemi lolote kuhusu hali yake baada ya miaka mitano. Kisha nasoma mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu mada hiyo, kama yapo. Kuhusu kofia za magego ya utoto yapo, na yanaonyesha kuwa meno yaliyovalishwa kofia huwa na uwezekano mdogo wa kuharibika vibaya au kuuma kuliko yaliyozibwa kwa kawaida.

Si kila kitu kinahitaji safari. Uainishaji mpya wa magonjwa ya fizi, ule wa hatua nne na madaraja matatu uliochapishwa mwaka 2018 kuchukua nafasi ya ule wa 1999, niliusoma kwa intaneti na ukaniingia vizuri. Lakini faili za mashine, yaani vijiti vyembamba vya chuma vya kusafishia ndani ya mizizi ya meno, hazifundishiki kwa kutazama video. Kidole ndicho kinachojifunza kiasi cha kusukuma kabla faili haijakatika.

Siku hizi nikiweza naenda na msaidizi wangu, kwa sababu ndiye anayechanganya simenti, na kofia naziagiza kabla ya kozi ili ujuzi usilale. Rufaa za watoto zimepungua. Zinazobaki ni za wenye jipu au maumivu ya usiku, ambao kofia peke yake haiwafai, kwa hiyo kozi inayofuata nimekwisha kuichagua: matibabu ya kiini cha jino la utoto, ile sehemu laini ya ndani yenye neva.