Koti lenye madoa ya mrututu

Binti yangu kalitoa koti kuukuu kwenye msumari wa bandani, akakwangua mkono wa koti kwa ukucha. "Mama, hii buluu haitoki?"

Haitoki. Ni mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu tunayopulizia mizabibu, na chokaa, na imo humo tangu mwaka ule.

Mwaka ule mizabibu ilitimiza miaka minne, na nilikuwa nimeshahesabu vichala kabla havijatoka. Kupogoa nilimaliza Februari, vidole vimekufa ganzi ndani ya glovu. Machi mikato ikadondosha maji, kama mizabibu ifanyavyo utomvu unapopanda. Aprili jalidi ilitupitia mbali. Nikaamini kazi ngumu imekwisha, kumbe kwenye nchi ya baridi na mvua mzabibu unaanza kuhatarika pale unapopendeza.

Mzee aliyenifundisha alikuwa na kanuni ya "kumi, kumi, kumi": joto nyuzi 10, mvua milimita 10, chipukizi sentimita 10. Zikikutana zote, ubwiri vinyoya, ugonjwa wa mizabibu, unaamka. Vimelea vyake hulala msimu wote wa baridi kwenye majani yaliyoanguka, halafu tone la mvua hulipiga tope na kuvirusha kwenye jani la chini. Mrututu hauponyi jani lililokwisha kuingiliwa. Unalikinga tu, na sharti uwe umeitangulia mvua.

Ijumaa ile kumi mbili zilikuwa zimeshatimia. Nilikoroga mrututu, nikachuja chokaa, bomba likajaa. Upepo ukaanza kuvuma. Nikaona dawa yote itaishia kwa jirani, nikatua bomba. Jioni upepo ulitulia kabisa, hata jani halikutikisika, lakini nilikuwa nimeshavua viatu. Jumamosi tulikuwa na wageni. Mchanganyiko uliolala haushiki vizuri kwenye jani, nikaumwaga, nikajiambia nitakoroga mwingine Jumatatu. Usiku wa Jumapili ikanyesha mpaka kukapambazuka.

Wiki moja na ushei baadaye nikaliona doa kwenye mstari wa chini, karibu na uzio, pale ukungu wa asubuhi unapochelewa kuondoka. Doa la manjano, la mviringo, kama tone la mafuta kwenye karatasi. Nilimwita mzee. Alichuma jani, akaligeuza, hakusema kitu. Akaomba mfuko wa plastiki na kitambaa kibichi. Akaviweka pamoja na jani, akafunga fundo, akaufungia mfuko kabatini.

"Tutaliangalia asubuhi, mwanangu."

Sikulala vizuri. Alfajiri nilikwenda peke yangu, nikausogeza mfuko dirishani. Ndani ulikuwa umetoa jasho. Nilipofungua, harufu ilikuwa ya jani tu, ya kijani, ya kawaida. Juu doa lilikuwa vilevile la jana. Nikaligeuza jani, na upande wa chini, palepale penye doa, palikuwa pameota weupe. Si unga, bali vinyoya hasa, vimesimama wima, laini kama manyoya ya kifaranga aliyekauka sasa hivi. Nilipopumua karibu, vilitikisika. Vilikuwa vizuri. Nimeona aibu kulisema hilo miaka yote hii, lakini vilikuwa vizuri sana, na nilikaa navyo dirishani mpaka mzee akaja na kusimama nyuma yangu. Akaniwekea mkono begani. "Basi," akasema, "tukakoroge."

Tulipulizia siku ile, na kila baada ya mvua kubwa. Ndipo koti hili lilipopata rangi yake. Mwishoni mwa Juni mizabibu ikachanua, mvua ikarudi, ubwiri ukaingia kwenye maua yenyewe. Vichala vichanga vikakunjamana, vikawa vya kahawia. Agosti mstari wa chini ulikuwa hauna majani, na bila majani zabibu zilizobaki hazikupata sukari. Oktoba nilivuna ndoo tatu, chachu za kukunja uso.

Dawa hii ya mrututu na chokaa, mzee alipenda kusimulia, iligunduliwa kwa sababu ya wezi. Huko Bordeaux, Ufaransa, wakulima waliipaka mizabibu ya kando ya barabara rangi hiyo ili wapita njia waogope kudokoa zabibu. Mtaalamu mmoja, Millardet, akagundua kwamba mizabibu iliyopakwa ndiyo iliyobakiza majani, na mwaka 1885 akautangaza mchanganyiko huo. Ubwiri ulikuwa umeingia Ufaransa kutoka Marekani miaka michache tu kabla.

Baadaye nilipanda Solaris kwenye mstari wa chini, aina ya mzabibu iliyozalishwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1975, inayostahimili ubwiri na kuiva mapema. Mistari ya juu bado ni ile ya zamani. Miaka mingine nimepulizia kwa wakati, siku ileile, saa ileile, na bado nikapoteza nusu. Kwa hiyo sijui kama Ijumaa ile ingeniokoa. Mzee hakuwahi kuniambia, nami sikuthubutu kumuuliza, na sasa hayupo.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho huku amelivaa koti, mikono imempita vidole. Kisha akachukua rula, akashuka nalo shambani. Nilimwona ameinama kwenye mistari ya juu, chipukizi baada ya chipukizi. Akarudi mbio.

"Sentimita nane, Mama. Na huko magharibi kumefunga."

Nikaenda kutafuta chokaa.