Tulivyoripoti utapeli kwa Kiswahili, Louisville

Jengo tunaloishi hapa Louisville, Kentucky, lina Wakongo, Warundi, Wasomali na familia zinazozungumza Kihispania. Wengi wetu tunaelewana kwa Kiswahili, lakini simu na barua za ofisini huja kwa Kiingereza. Matapeli wanalijua hilo. Humpigia mtu anayeelewa nusu ya anachoambiwa, na hofu inamalizia iliyobaki.

Jirani yangu, mzee wa kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo, ninayemwita Papa, alipigiwa na mtu aliyedai kuwa ni wa Social Security, ofisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia mafao ya uzeeni na kumpa kila mtu namba yake ya utambulisho. Akaambiwa namba yake hiyo imefungwa kwa sababu ya uhalifu na polisi wako njiani. Akitaka ifunguliwe, anunue kadi za zawadi dukani, akwangue, asome tarakimu za nyuma. Kwenye kioo cha simu lilionekana jina la ofisi ya serikali, jambo linaloghushiwa kirahisi sana. Alipogonga mlango wangu kuuliza, "Dada, hapa nakwangua wapi?", kadi moja alikuwa ameshaisoma. Ya pili alikuwa nayo mkononi, na yule mtu bado yuko hewani.

Nikamwomba akate. "Watanifunga, dada." Nikamwambia hakuna ofisi ya serikali ya Marekani inayodai malipo kwa kadi za zawadi, hata moja. Tangu siku hiyo ndilo ninalowafundisha wazee: usihangaike na hadithi, maana hubadilika kila mwezi, angalia unaambiwa ulipe kwa njia gani.

Tukapigia kampuni ya kadi ile ya kwanza, risiti mkononi. Hela ilishachukuliwa. Ya pili tukaitumia palepale dukani kununua mchele na mafuta.

Kisha tukaripoti kwa FTC, tume ya serikali inayolinda wateja. Fomu yao ya mtandaoni ni ya Kiingereza na Kihispania, kwa hiyo tulipiga 877-382-4357, tukabonyeza 3 kuomba mkalimani. Alipoingia wa Kiswahili, mimi nilinyamaza. Papa alieleza yote mwenyewe, pamoja na kiasi alichopoteza, ambacho watoto wake hawakukijua. Hapa kwetu watoto ndio huwatafsiria wazazi, na mzazi hawezi kumwaga aibu yake mbele ya mwanawe. Kwangu mimi, hiyo ndiyo faida kubwa ya mkalimani. Habari za makaratasi yake ya uhamiaji hakuulizwa. Nilikuwa nimemweleza mapema kwamba FTC haitamrudishia hela. Taarifa yake huingia kwenye hifadhi inayosomwa na vyombo vya sheria nchi nzima.

Wanaonisumbua zaidi ni matapeli wanaozungumza lugha zetu. Baadaye lilikuja kundi la WhatsApp lililojiita likelemba: toa kidogo, upate mara kadhaa. Likelemba ya kweli, kama upatu, humpa kila mtu kwa zamu kile walichochanga wote, hakuna anayezidisha. Papa ndiye aliyesimama baada ya ibada akauliza, kwa Kiswahili na kisha kwa Kibembe, hiyo ziada inatoka kwa nani. Aliyelileta hakuwa na jibu. Akina mama waliokuwa wameshalipa walidai hela zao papo hapo, nami nikawasaidia kupiga picha ujumbe wote, tarehe na namba zikionekana, kabla kundi halijafutwa.