Ngazi 18 kwa siku 18

Nilihamia Suzhou, mji wa China, nikiwa na miaka mitatu ya Kichina kichwani na kiburi cha kutosha. Siku ya kwanza kuingia shuchang, yaani ukumbi wa kusikilizia hadithi, nilikaa saa mbili nzima nisiambulie hata sentensi moja. Wanatamba kwa Kisuzhou, na aliyejifunzia Kichina cha darasani hubaki ametumbua macho. Wazee wakicheka, nacheka nyuma yao. Wakiguna, naguna.

Aliyenipeleka ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa miaka sitini na kitu. Vijana wote wa jengo lile tulimwita ayi, neno ambalo Wachina humwitia mwanamke yeyote wa rika la mama yako, na ambalo ukilichimbua maana yake ni mama mdogo, ndugu wa mama. Basi na hapa nimwite Mama Mdogo. Alinikuta najisifu kwamba nimeshasikiliza pingtan, sanaa ya Suzhou ya kutamba na kuimba hadithi, kwenye nyumba ya chai ya barabara ya Pingjiang, kule wanakojaa watalii, unapewa orodha ya nyimbo, unachagua, unalipa kwa wimbo. Alinitazama kwa huruma. "Wewe umenunua mkia ukadhani umemla samaki," akasema. Kesho yake mchana akanigongea mlango, gilasi yake ya chai mkononi.

Pingtan ni jina la jumla. Ndani yake mna pinghua, mtambaji mmoja asiye na ala yoyote, visa vya vita na vya majambazi. Hizo wenyewe huziita vitabu vikubwa. Na mna tanci, vitabu vidogo: mapenzi na fitina za koo, zinasemwa na kuimbwa. Tuliyoiendea ni tanci. Mwanamume wa makamo aliyevaa kanzu ndefu, ana sanxian, ala ya nyuzi tatu. Mwanamke aliyevaa qipao, gauni la Kichina, ana pipa (si lile la maji, ni gambusi ya Kichina yenye nyuzi nne). Katikati yao meza ndogo, birika, upepeo uliokunjwa na kibao cha mti ambacho jina lake lina maana ya mti wa kuamsha. Kikigongwa mezani, pah! mzee aliyesinzia safu ya nyuma anafungua jicho moja.

Na wanasinzia kweli. Wanatafuna mbegu za alizeti, wananong'onezana habari za magoti yao. Nilimfikiria Liu Jingting, mtambaji mashuhuri aliyezaliwa Taizhou mwaka 1587. Mwandishi Zhang Dai, aliyemsikiliza kwa masikio yake, ameandika kwamba watumishi wakinong'ona au msikilizaji akipiga mwayo, Liu alinyamaza papo hapo. Ni huyo huyo aliyetamba kisa cha Wu Song, shujaa wa hadithi za kale, akiingia kwenye kilabu cha pombe asikute mtu: akapiga ukelele, na mitungi mitupu ikaitikia. Mitungi! Sentensi moja tu hiyo, na mpaka leo nikiingia chumba kitupu huwa naisikia.

Hadithi yetu ilikuwa Zhenzhu Ta, Mnara wa Lulu. Fang Qing, msomi aliyefilisika, anakwenda kuomba msaada kwa shangazi yake. Shangazi anamdhalilisha, binti wa shangazi, Cui'e, anamfichia mnara wa lulu ndani ya furushi la vitafunwa. Kisa chenyewe naweza kukueleza tukisubiri lifti. Wapenzi wa pingtan hukuambia kwamba kuna watambaji waliomchukua Cui'e kutoka ghorofani hadi chini, ngazi 18, kwa siku 18. Siku moja, ngazi moja.

Nilidhani ni porojo mpaka nilipoanza kuelewa, na kuelewa kulinijia siku ya tano hivi, kwa kusaidiwa na minong'ono ya Mama Mdogo. Ukiwa unasimulia wewe, sauti ni moja. Mtambaji kwanza ni msimulizi, anaongea nasi kama mtu wa barazani. Mara anainua bega, sauti inakuwa ya shangazi, kavu, ya puani. Mara amekuwa kijakazi. Kisha anarudi kwetu na kuuliza, je, binti wa watu ashuke au asishuke? Mguu uko hewani. Anakumbuka aibu ya mama yake, anakumbuka watumishi watakavyosema, mwanamke wa pipa anaimba fikra hiyo, mwanamume anaitania. Wenyewe hutaja nguzo nne: kusema, kuchekesha, kupiga nyuzi, kuimba. Ile ya pili naiweka mbele ya zote, maana bila utani nani angestahimili ngazi moja kwa mchana mzima?

Kaskazini ni mambo mengine. Kule utambaji wao, pingshu, ni mtu mmoja na upepeo, na redio ndiyo iliyoibeba: Liu Lanfang alipotamba habari za Yue Fei, jemadari wa kale, redioni mwaka 1979, nchi ilitega sikio. Naiheshimu, ila redioni huoni ule mguu hewani.

Siku hizi watambaji hukaa ukumbi mmoja kama nusu mwezi, kisha wanahama. Siku ya 15, ya mwisho, nilikuwa na mtihani. Jioni nikashuka mbio kwa Mama Mdogo: shangazi amekomeshwaje?

Akamimina chai taratibu.

"Kesho wanaanza Changshu. Basi haliendi mbali."

"Kwa hiyo kesho nitasikia mwisho?"

"Mwisho gani? Wasikilizaji wa kule ni wapya. Kesho wanaanza Fang Qing hajaondoka hata kwao."

Nikamsihi anidokeze tu. Akagonga kifuniko cha gilasi mezani, pah, akaenda kuanua nguo.