Unamwagilia Udongo

"Mwanangu, unamwagilia udongo." Shangazi alisema hivyo Jumatatu, ameinamia trei ya mbegu za maua ya pansi, na leo Jumamosi bado yananichoma. Nikamjibu, "Zitaota, Shangazi." Akauliza, "Lini?" Nikanyamaza. Wiki ilikuwa na mengi, barua ya uhamisho wa Baba Salma imetoka na ukaguzi wa kazini umekwisha, lakini kinachojirudia kichwani ni hilo "Lini?"

Jibu lilikuwepo: hazijafa, zimegoma. Mbegu ya pansi huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi 18 hadi 20. Joto likizidi 30, inafyonza maji na kuvimba, kisha inazuia mzizi usitoke. Kivulini hewa ilikuwa nyuzi 31, ila kipimajoto kilichochomekwa kwenye udongo saa nane mchana kilisoma 35, maana trei nyeusi ya plastiki hunyonya joto. Mbegu iliyovimba ikikaa siku nyingi kwenye udongo wa moto na uliolowa, mwishowe huoza kweli. Na kungoja baridi hakusaidii: toka mbegu hadi ua ni wiki 12 hivi, kwa hiyo ukianza baridi ilipoingia, maua yatafunguka joto likirudi.

"Lini?" Tena aliuliza kwa upole.

Trei ya petunia iliyo pembeni hakuigusia. Mbegu za petunia huota vizuri kwenye nyuzi 24, taabu yake ni udogo: gramu moja ina mbegu kama 10,000. Zichanganye na mchanga mkavu laini, uzinyunyize juu ya udongo, usizifukie hata kidogo kwa kuwa zinataka mwanga. Uso wa udongo ukikauka saa moja tu wakati zinapasuka, zimekwisha. Ndiyo maana trei hufunikwa kwa plastiki angavu, lakini mbali na jua, la sivyo zinapikwa. Zikishachipua, plastiki inatoka siku hiyohiyo, na maji yanapitia chini: trei ndani ya beseni dakika 15, kisha ichuruzike. Ukimwagilia juu jioni, na miche imesongamana, ugonjwa wa kinyausi unaingia. Shina linakonda kama uzi usawa wa udongo na mche unalala. Uliolala hauponi. Ng'oa pamoja na udongo wake.

Nisichomwambia Shangazi ni kwamba Jumatatu hiyo mbegu nyingine 40 za pansi zilikuwa kwenye friji siku ya saba, ndani ya karatasi ya jikoni yenye unyevu, mfuko umefungwa. Jumanne zikahamia sakafuni, chumba cha nyuma, penye nyuzi 22. Leo asubuhi nimefungua: mizizi myeupe, mifupi kama ncha ya sindano, kwenye mbegu 27! Nimezihesabu mara tatu. Nimezishika kwa kibanio, nikazilaza moja moja kwenye chungu cha udongo, juu yake mboji iliyochekechwa, unene wa milimita 3, chungu kikakaa juu ya mchanga uliolowa, kivulini. Maji yakivukizwa, udongo unapoa. Yakitokea majani halisi mawili, yale yanayofuata majani ya kwanza ya mbegu, nitaihamisha miche jioni, nikishika jani, kamwe si shina.

Nilitaka kumpigia. Nikaona nisubiri majani.

Salma amekohoa usiku wa pili mfululizo, kikohozi kikavu, na sasa hivi ameanza tena.