"Esteem" sio heshima tu

Juzi nilipita kumsalimia mwalimu wangu wa darasa la nne, kashastaafu, na wanafunzi wake wa zamani walimtengenezea cheti cha shukrani, Kiingereza mwanzo mwisho. Baada ya shikamoo na chai akanionyesha sehemu imeandikwa "held in the highest esteem", Kiingereza anakijua ila hilo neno lilimpiga chenga kidogo, akasema hebu mwanangu, hapa wanasemaje? Nikajibu fasta tu, wanasema wanakuheshimu sana mwalimu. Akasema haya.

Sasa nipo kwenye daladala narudi, roho ikaanza kunisuta. Maana heshima mi nampa kila mtu mzima, hata nisiyemjua, nikipishana naye njiani namwamkia shikamoo na yameisha. Esteem haiko hivyo, huwezi kumpa mtu usiyemjua. Limetoka kwenye Kilatini, aestimare, kukadiria thamani ya kitu, ukoo mmoja na "estimate", yale makadirio fundi anakupigia kabla hujanunua mabati. Yaani mtu kakuangalia miaka na miaka, kakupima, kakuona una uzito. Heshima yetu yenyewe tumeitoa kwenye Kiarabu na kule asili yake ni mambo ya haya na staha, ni kitu kizuri sana ila ni kingine.

Na kinachoniuma neno tunalo kabisa! Kuthamini, kutoka thamani. Tena kwenye "self-esteem" wote tunasema kujithamini bila shida, ila ile "self" ikitoka tu tunakimbilia heshima, sijui kwa nini. Waingereza wenyewe siku hizi hawalitumii ovyo kwenye maongezi, utalikuta kwenye barua rasmi, hotuba za kumuaga mtu, salamu za rambirambi. Ndo maana zile meseji za "esteemed customer" mi sizipendi, mtu hajui hata jina langu, kanithamini saa ngapi?

Jumapili nikarudi kwa mwalimu. Nikamwambia samahani, juzi nilikupunja, hawa wanasema wanakuthamini, wamekupima tangu wakiwa wadogo hadi leo na wao wana watoto, na hakuna waliyemweka juu yako. Akanyamaza kidogo, akaingia ndani, akatoka na kalamu, akaniambia andika hapo chini kwa Kiswahili, wajukuu wasome.