Nilivyopanda 7A kwa kuiga wapandaji wa Burden of Dreams

Naishi Helsinki, na mchezo wangu ni kupanda majabali bila kamba. Vifaa ni vichache: viatu vya mpira vinavyobana, chaki ya kukausha viganja, na godoro nene la kuangukia. Kila njia ya kupandia ina daraja lake la ugumu, na huku Ulaya tunatumia vipimo vilivyoanzia msitu wa Fontainebleau, Ufaransa: namba ikipanda njia ni ngumu zaidi, na ndani ya namba moja A ni rahisi kuliko C. Nilikuwa nimekwama kwenye 6C muda mrefu. Kilichonikwamua ni jiwe ambalo mimi mwenyewe sitalipanda.

Jiwe hilo liko Lappnor, mashariki ya Helsinki, katikati ya msitu. Njia yake inaitwa Burden of Dreams. Ni ukuta wa graniti ulioinama nyuzi 45 kumjia mpandaji, na miondoko yake inahesabika upesi. Mfini Nalle Hukkataival aliihangaikia kwa miaka kadhaa mpaka akafika juu Oktoba 2016. Akaipa 9A, daraja ambalo hakuna aliyewahi kulitaja kabla yake. Nilipokwenda kuitazama na rafiki yangu wa Arusha, aliinama chini ya ule ukuta akaniuliza, “Dada, sasa hapa mtu anashika nini?” Nikamwonyesha. Alipitisha vidole mara mbili kabla ya kukiamini kishikio.

Baada ya Hukkataival, wapandaji wakubwa walikuja wakarudi makwao mikono mitupu. Halafu akaja Mskoti William Bosi. Jiwe lilikuwa limepimwa kwa skana, vishikio vikatengenezewa nakala, naye akazifanyia mazoezi akiwa kwao Uingereza. Alipofika Finland mwili wake ulishaijua ile miondoko. Aprili 2023 akamaliza. Mwaka huohuo Mbelgiji Simon Lorenzi naye akafika juu.

Wako wanaosema nakala zinaondoa utamu wa mchezo. Siafikiani nao hata kidogo. Nakala haikupandishi popote. Inakupa tu nafasi ya kurudia pale panapokushinda, hata kama jiwe liko mbali na nje kuna theluji.

Jiwe langu liko karibu na mji, na njia niliyoitaka ni ya 7A. Nilikuwa naiweza yote isipokuwa mwondoko mmoja: mkono wa kushoto unavuta ukingo mwembamba uliolala upande, mguu wa kulia unapanda hadi usawa wa nyonga, kisha mkono wa kulia unarukia juu. Skana sina. Nilichukua rula na picha za simu, nikapima urefu wa ukingo, kina chake na namna ulivyoegemea. Nikachonga kipande cha mbao ngumu kwa tupa, nikakilainisha kwa msasa, nikakifunga kwa skrubu kwenye plaiwudi katika stoo ya chini ya jengo letu. Pembe ya ubao niliipima kwa programu ya simu. Mbao ina utelezi kuliko graniti, na hilo lilinifaa, kwa sababu ukiweza kubaki kwenye mbao, jiwe linakuwa na huruma.

Humo stoo ndimo nilimogundua kuwa tatizo halikuwa kwenye vidole. Nyonga yangu ilikuwa inaachana na ukuta kabla mkono haujaondoka. Nilipoigeuza na kuisogeza karibu, uzito ukahamia mguuni na ule mruko ukawa kunyoosha mkono tu. Niliurudia hadi nikaacha kuufikiria. Sikuwahi kuishika mbao siku mbili mfululizo, maana kano za vidole hupona polepole mno, na ngozi ikichanika kwenye ncha hakuna mazoezi wala kupanda.

Kisha nikasubiri baridi. Tazama tarehe za Lappnor: Oktoba, Aprili. Siku za joto vidole vinatoa jasho na vishikio vyembamba vinateleza. Hewa ikiwa baridi na kavu, ngozi inang'ata jiwe. Nilikwenda asubihi ya vuli, nikapiga vishikio burashi kuondoa chaki kuukuu, nikapasha mwili moto vizuri na mikono nikaiweka ndani ya koti hadi dakika ya mwisho. Nilipofika kwenye ule ukingo, nyonga iligeuka yenyewe. Mkono wa kulia ukashika. Sehemu iliyobaki nilikuwa naijua, nikapanda huku napiga kelele za furaha.

Wiki iliyofuata rafiki yangu aliniomba ufunguo wa stoo. Mikono yake ni mirefu kuliko yangu, na nilidhani ataona njia ni rahisi. Alipoimaliza, kabla theluji haijaanguka, alikaa juu ya jiwe akitazama vidole vyake, akasema, “Ni 7A, dada, wala usikubali mtu aipunguze.”