Kabla ya jando, uliza ujombani

Dodoma, Juni, jioni ya upepo

Uwele na mtama vimeingia ghalani, baridi ya alfajiri imeanza kuuma, na huko Chamwino, Bahi na Mpwapwa wavulana wanaandaliwa jando. Huu ndio msimu ambao himofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda sawasawa, ambao vitabuni huitwa adimu, hugeuka kuwa kilio cha nyumba moja kijijini. Mtoto katahiriwa asubuhi, damu ikakata. Jioni imeanza tena, na kesho yake bado inachuruzika. Atalaumiwa ngariba, au mama, kwamba kavunja mwiko.

Kumbe kisu hakina kosa. Damu ya mtoto imepungukiwa fakta 8, moja ya protini za kugandisha damu, hiyo ni himofilia A, inayompata takriban mvulana 1 kati ya 5,000. Au fakta 9, yaani himofilia B, iliyo adimu zaidi. Bonge la kwanza la damu hujengwa na chembe sahani, na hizo kwake ni nzima, ndiyo maana damu hukata mwanzoni. Kinachokosekana ni nyuzi za kulikaza bonge hilo, kwa hiyo baada ya saa kadhaa linabanduka.

Swali la kuuliza kabla ya kisu ni la upande wa mama. Je, yupo mjomba aliyetoka damu kupita kiasi akitahiriwa au aking'olewa jino? Yupo kaka wa mama aliyefia jandoni? Yupo mwenye goti lililokakamaa tangu utotoni? Mama anayebeba ugonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto wa kiume, na kila binti ana nusu hiyo hiyo ya kuubeba. Baba mgonjwa hawarithishi wanawe wa kiume, lakini binti zake wote wataubeba. Jibu la "kwetu hakuna" nalo halimalizi kazi, kwa kuwa karibu theluthi ya wagonjwa huzaliwa kwenye koo zisizo na historia yoyote. Hapo mtazame mtoto mwenyewe: alipoanza kutambaa alipata michubuko mikubwa? Baada ya chanjo, paja lilivimba likawa gumu?

Ukiwa na shaka, ahirisha jando, nenda kapime. Na kwenye kupima ndipo mengi huharibika, tena kwa vitu vidogo. Damu huwekwa kwenye chupa yenye kifuniko cha bluu, ambayo ndani ina sitreti, dawa ya kuzuia damu isigande. Uwiano ni damu 9 kwa sitreti 1: chupa ya mililita 3 inataka damu mililita 2.7, hadi kwenye mstari. Ikijazwa nusu, sitreti inazidi, kipimo cha APTT, kinachohesabu sekunde za damu kuganda, kinarefuka, na mtoto mzima anaitwa mgonjwa. Chupa haitikiswi, inapinduliwa taratibu mara tatu au nne. Haiwekwi kwenye friji pia, kwa sababu damu nzima ikipata baridi fakta 8 hushuka. Plazima, yaani maji ya damu, itenganishwe na kupimwa ndani ya muda wa saa nne. Kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 150, hivyo ni afadhali kumpandisha mtoto basi kuliko kuipandisha chupa.

Majibu ya himofilia kwa kawaida huwa APTT ndefu, PT (kipimo kingine cha kuganda) ya kawaida na chembe sahani za kawaida. Usiishie hapo. Lazima ijulikane ni fakta ipi, kwa kuwa tiba si moja: mfuko wa krayo, zao la plazima ya wachangia damu, una fakta 8, ila fakta 9 haimo.

Kisha yanaanza maisha ya kila siku. Adui mkubwa anaweza kuwa sindano ya diklofenaki matakoni, ile inayochomwa kwa kila maumivu. Ni kosa maradufu: sindano ya msuli huacha donge la damu, na dawa yenyewe huzuia chembe sahani kushikana. Aspirini na ibuprofeni ni vivyo hivyo. Panadoli inafaa. Marufuku ya sindano hiyo iandikwe kwa herufi kubwa kwenye jalada la kadi ya kliniki, nesi wa zamu aione kabla hajavunja kichupa. Chanjo haziachwi, sindano iwe nyembamba, kisha pabonyezwe dakika tano au zaidi bila kusugua.

Damu ikivuja ndani ya goti, mtoto huanza kwa kusema panachonyota au pamejaa, kabla uvimbe haujaonekana. Hapo ndipo pa kuchoma dawa ya fakta kwenye mshipa, usingoje goti lijae. Uniti 1 kwa kila kilo hupandisha fakta 8 kwa asilimia 2 ya kiwango cha kawaida. Mtoto wa kilo 20 anayetakiwa kufika asilimia 50 anahitaji uniti 500. Akiangukia kichwa, lengo hupanda hadi 80 au 100, na dawa hutangulia picha ya kichwa. Unga wa fakta unapochanganywa na maji yake, kichupa huzungushwa polepole, maana kukitikisa ni kuiharibu dawa.

Utafiti umekimbia. Emisizumabi, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, huchomwa chini ya ngozi na kuunganisha fakta 9 na 10, kazi ambayo ingefanywa na 8. Kwa hiyo mwenye himofilia B haimfai. Anayeitumia aiambie maabara, kwa sababu APTT yake itatoka kama ya mtu mzima wa afya. Tiba ya jeni ya himofilia B iliidhinishwa huko mwaka 2022 kwa bei ya dola milioni 3.5. Kwa bei hiyo, kwetu bado ni habari ya redioni.

Lililo mikononi mwetu ni kuhesabika. Mgonjwa asiyeandikishwa hayumo kwenye hesabu za misaada wala kwenye swali la mtafiti. Daftari la shilingi mia chache linatosha: tarehe, kiungo gani, kulia au kushoto, ilianza saa ngapi, dawa ilichomwa saa ngapi, uniti ngapi. Kichupa kikiisha, bandua lebo yenye namba ya toleo uibandike kando ya mstari huo, kabla hakijatupwa.